Ukitaka Kuvuka Barabara Hanoi

Quyên mwanangu,

Nimekwenda kuuza tofu, ingawa miguu inaniuma tangu nilipokusubiri jana uwanja wa ndege. Uji wa kuku uko jikoni, nimeufunika. Ukitoka, vuka barabara polepole, usikimbie wala usirudi nyuma. Pikipiki zitakukwepa zenyewe. Maji ya bomba usinywe, tumbo lako sasa ni la Ujerumani. Teksi, patana bei kabla hujapanda.

~~Usitoke mpaka nirudi.~~ Toka tu, ila beba anwani ya nyumbani. Nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Leo asubuhi tulipokuwa tukivuka barabara, uliuchomoa mkono wako mkononi mwangu mbele ya wauza mboga, ukasema, "Mama, mimi si mtoto." Najua. Sikukushika ili nikuvushe. Nilikuwa sijakushika mkono miaka kumi na moja.

Mama