Sungura wa Tongoni Alikuwa Bafta Wetu

Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani, Tanga.
Alhamisi, 13 Machi 1958 (22 Shaabani)

Kwa mpendwa kaka yangu Massoud, Wete, Pemba.

Assalaam alaikum, na shikamoo kaka. Naomba karatasi hii ikufikie ukiwa mzima, wewe na wifi Wanu na huyo binti yenu Time, ambaye nasikia ameshaanza kutambaa na kula mchanga. Kifua chako je? Katika barua yako ya mwisho ulisema vumbi la karafuu linakukohoza. Usilale na shati lililolowa jasho, na umwambie wifi akuchemshie tangawizi. Mimi mwili wangu mzima. Ni mwili tu, kaka.

Huku joto halisemeki, na masika hayajaonyesha dalili. Kaburi la baba nimelipalilia wiki iliyopita, na la mama pia. Nyumba yetu ya zamani wamepangishwa watu wa Muheza, nao wameziba lile tundu la ukutani ambalo Uzi alikuwa akipitia. Nilipoliona limezibwa nilisimama barabarani nikalia, watu wakadhani nimefiwa upya.

Unamkumbuka Uzi? Unawakumbuka wote? Nimekuwa nikiwakumbuka usiku na mchana, na nina sababu, nitaifikia. Nivumilie kidogo, maana sababu yenyewe haieleweki bila wao.

Nakumbuka siku Ernesti alipowaleta. Yule jirani yetu Mbondei, aliyekuwa akifagia kule milimani katika nyumba ya wazungu waliokuwa wakijaribia dawa kwenye wanyama. Bwana wake alipohama alimwambia awamalize waliobaki. Ernesti, ambaye hata kuku wa Krismasi alichinjiwa na mkewe! Akaja kwetu kwa baiskeli na matenga mawili, jasho linamtoka, akamwambia baba, "Mzee Miraji, mie siwezi. Wanitazama." Baba naye akaacha cherehani, akainama, akatazamana nao. Basi wakawa wetu.

Panya wawili weupe, mama akapanda juu ya kitanda akasema ama zake ama zao. Simbilisi wanane, vile vinyama vya mviringo visivyo na mkia. Na sungura wawili. Baba aliwapa majina ya kazi yake, ya nyuzi na vitambaa: panya akawaita Uzi na Sindano, simbilisi wote Vifungo kwa sababu hawakutofautishika, sungura jike Melimeli, na dume, yule mweupe mzito, Bafta. Sindano hakukaa sana, tulimzika katika kisanduku cha nyuzi, na wewe ulisoma Fatiha mpaka baba akakuziba mdomo.

Hao Vifungo walikuwa wakisikia mama ameketi kwenye mbuzi ya nazi, wanapiga miluzi wote pamoja, na mama anayewachukia anawatupia machicha akidhani hatumwoni. Na ile Ijumaa baba alipovaa kofia yake ya viua bila kujua Uzi amelala ndani! Alifika mpaka kwa muuza kahawa ndipo mkia ukaning'inia sikioni. Nimecheka peke yangu juzi nikiosha vyombo, kisha kicheko kikanigeukia kikawa kingine.

Bafta hakuwa anaitika jina wala mlio wa kopo la chakula. Ulipomsonya kwa hasira siku alipotafuna daftari lako la hesabu, alikuja mbio akaweka kichwa mguuni pako. Tangu hapo tukawa tunamsonya tu. Tulipigwa makofi mangapi? "Mwamsonya nani nyie? Mwanisonya mie mama yenu?" Ukasema tunamsonya sungura, ukaongezwa la pili.

Na sikio lake la kushoto. Ulikuwa ukimkatia majani kwa mkasi wa baba, mkasi ambao haukuruhusiwa kukata kitu ila kitambaa, naye akaingiza kichwa. Ukakata kipande chenye pembe tatu, ukalia kuliko yeye. Mimi ndiye niliyemshika, ukampaka manjano. Nina picha ya sikio lile kichwani kama lililo mbele yangu sasa.

Kisha ukaja mwaka wa hamsini na moja, uvumi wa tauni, na bwana afya mlangoni kwetu. Baba akaambiwa panya wachomwe, nyumba ipigwe dawa. Naye baba, kwa kuona fedheha mbele ya majirani, akasema basi wote waondoke, ila sungura wangojee pilau ya Idi. Alfajiri tukaomba baiskeli ya Ernesti, tukaaga kwamba twaenda mtaa wa Usagara, wewe ukaendesha mpaka Tongoni na matenga nyuma na mimi kwenye mtaimbo wa mbele, makalio yananiwaka moto. Tukawaachia kwenye magofu, katikati ya makaburi ya kale, maana ulisema pale watu wanaogopa, hawatawinda. Uzi alipotelea kwenye ufa wa ukuta bila kugeuka. Bafta aligeuka.

Baba alipotuuliza jioni wanyama wako wapi, ulisema umewagawa kwa abiria wa treni pale stesheni, ukaapa wallahi. Nami nikaapa nyuma yako. Ernesti alikwenda zake Kenya bila kujua, baba na mama wamekufa bila kujua. Siku ile tulidhani tumemaliza.

Sasa nije kwenye jambo langu.

Unajua nimekaa na Idarusi miaka mitatu bila mtoto. Yeye hakuwahi kuniambia neno. Mama yake, Bi. Mwatumu, ndiye aliyekuwa akihesabu miezi. Mwaka jana, Mfungo Saba, alinipeleka Tongoni kuweka nadhiri: ubani, marashi, na mbuzi akipatikana mjukuu. Nilikwenda kwa heshima tu. Tulipofika tukamkuta Mzee Safari, anayefagia pale makaburini, akatuambia tukae kwa adabu kwani yupo mja mweupe wa mahali pale, ambaye hatokei kwa kila mtu. Ameanza kuonekana tangu miaka sita hivi. Watu wanamwekea mihogo na majani ya viazi, hakuna amgusaye, na mbwa hawaruhusiwi.

Mja mweupe, kaka! Nikasema haiwezekani. Na kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasonya. Pale, makaburini, ubani unafuka! Bi. Mwatumu akanyanyua mkono anizabe kofi. Na kutoka nyuma ya kaburi lenye mnara akatoka Bafta.

Alikuwa mzee. Miguu ya nyuma mizito, jicho moja lina ukungu. Alikuja polepole moja kwa moja kwangu, mbele ya watu wote, akaweka kichwa mguuni pangu. Sikio la kushoto pembe tatu. Nikamshika, nikalia kwa furaha, kaka, nikalia kama tulivyolia siku ile. Bi. Mwatumu akapiga vigelegele, Mzee Safari akasoma dua, wanawake wakanishika nguo ili nao wapate. "Mwenye kaburi amekujibu, mwanangu! Amekujibu kwa kichwa chake!"

Nami nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea. Lakini ningesema nini? Ningesema ni sungura wetu, tulimficha asiliwe? Sungura si haramu, na njaa ipo Tongoni kama ilivyo kwingine. Jioni ile ile angekuwa kitoweo, na wewe na mimi tungeitwa waliowachezea watu makaburi ya wazee wao. Nikasema nitanyamaza, amalizie siku zake kwa mihogo.

Na nikuambie la aibu zaidi. Mimi niliyemshika sungura yule wakati anapakwa manjano, mimi nijuaye jina lake na aliyemleta, niliamini. Nilirudi nyumbani nikaamini. Mwezi wa pili baada ya pale nikachelewa siku kumi na mbili, Bi. Mwatumu akakata kitambaa cha nepi, akaniosha miguu kwa mikono yake. Siku ya kumi na tatu nikaona nilichokiona. Nikazificha zile nguo siku nne kwa sababu sikuweza kumwangalia usoni.

Tangu hapo mambo yamegeuka. Asingetokea Bafta ningekuwa mwanamke ambaye bado hajaruzukiwa, wapo wengi. Sasa mimi ni mwanamke aliyepewa akakataa. Wanasema nina kitu moyoni, nimeficha uovu, ndiyo maana jibu limerudi. Majirani hawanipi tena watoto wao niwashike. Mama mkwe amekwisha kumtazamia Idarusi binti wa Pangani. Mwezi mtukufu wataniacha nifunge kwa amani, na siku ya pili ya Idi watakaa kikao, nipewe talaka yangu.

Nampenda, kaka. Sioni haya kukuandikia. Ni fundi baiskeli mwenye kucha nyeusi, na kila jioni akirudi ananiletea ubuyu mfukoni, ingawa siku hizi anauweka mezani bila kusema. Sitaki kuachwa.

Basi wiki mbili zilizopita nilimweleza yote. Tenga, mkasi, Tongoni, yote. Alisikiliza akitazama chini, kisha akasema, "Mastura, umefika pa kuwasingizia hata wazee waliolala?" Nikamwambia twende, nitamsonya, atakuja, utaliona sikio. Akakubali.

Jumapili tulikwenda watatu, yeye, mimi, na mama yake. Nikasonya. Nikasonya tena. Nilizunguka kila ukuta nikisonya kama mwendawazimu, mama mkwe ameziba masikio. Mwisho Mzee Safari akaja, akanishika bega, akatuonyesha mahali. Alikufa mwezi uliopita. Walimsitiri kwa sanda ya bafta, dhiraa mbili, wakamfukiza udi, watu saba wakamsindikiza, na mawe wamepanga. Bafta wetu, kaka, aliyetafuna daftari la hesabu, ana kaburi zuri kuliko la baba.

Nilianguka pale nikalia. Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili ya baba na kofia yake, na kwa ajili yangu. Wakasema, mwacheni, anatubu. Idarusi alipanda baiskeli akatangulia, nami nikarudi Ngamiani kwenye lori na mama yake.

Usiku wa jana nilimwuliza, kama yupo mtu mmoja wa kulishuhudia hili, je, utaamini? Akasema, "Massoud aje aseme mbele ya mama, kwa kinywa chake. Si barua. Ndugu wawili wanaweza kupanga barua." Nikamshika mkono, na hakuuondoa.

Kwa hiyo nakuita. Najua nakutwisha zito. Uliapa wallahi mbele ya baba, na sasa nataka usimame mbele ya watu useme uliapa uwongo, na baba hayupo kukusamehe. Nami niliapa pamoja nawe, tutafunga siku tatu za kafara sote wawili. Huenda watu wa Tongoni watatukasirikia. Huenda Bi. Mwatumu hataamini hata akikuona. Lakini Idarusi ataamini, amesema. Duniani tumebaki wawili tu tujuao yule alikuwa nani, na neno langu halina uzito tena katika nyumba hii.

Usipokuja nitaondoka na sanduku langu Idi ya pili, wala sijui niende wapi. Nyumba ya baba ina watu wengine. Usiniandikie kwamba kazi ya karafuu ni nyingi. Usiniandikie kabisa. Njoo.

Nisalimie wifi Wanu, umwambie anisamehe kukunyakua katika mwezi wa mfungo. Mjomba wake mzee mpe shikamoo yangu, na mwanangu Time umbusu mashavu yote mawili, la kulia kwa ajili yangu na la kushoto kwa ajili ya shangazi yake nitakayekuwa nikiwa na furaha. Mungu akuvushe salama, akufunike kwa rehema zake kama alivyomfunika kiumbe yule dhaifu miaka saba mahali pasipo na mtu wa kumjua.

Ukifika usipige hodi. Mama mkwe ndiye anayeitikia hodi, na sitaki uanze naye. Simama tu uani, kaka, usonye. Nitatoka.

Dada yako wa tumbo moja, akupendaye na asiye na mwingine,

Mastura binti Miraji