Karatasi ya Mtunza Hewa

Kwa mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Vipi mkono wako, baridi ikiingia bado unauma? Mimi mzima, goti tu linanisumbua, nalo nimeshalizoea. Usishangae mwandiko. Ni wangu mwenyewe, sikumtuma mtu, na kama herufi zinapanda mlima na kushuka, zivumilie kama ulivyonivumilia mimi.

Ndiyo, kaka yako anasoma. Mzee wa miaka sabini na moja, niliyeendesha boila, mtambo wa mvuke, miaka thelathini hadi picha yangu ikatundikwa langoni mwa kiwanda cha sabuni kama mfanyakazi wa mfano, sasa nakaa kwenye benchi chumba cha nyuma cha maktaba, kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Tuko sita, na bila kujisifu, wa kwanza ni mimi. Mwalimu wetu ni muuguzi mstaafu, mama mkali, hacheki ovyo. Mwanzoni alitupa hadithi za kawaida, za mkulima na ng'ombe wake. Hizo nilikuwa nazipiga chenga. Naangalia picha, nashika maneno mawili matatu, yaliyobaki najaza kichwani, maana mambo ya dunia hii nayajua. Mama akanigundua. Akaleta kitabu cha zamani cha watu waliohamia sayari nyingine, akasema huko mzee sijawahi kufika, kwa hiyo itabidi nisome kweli.

Na kweli, huko huwezi kubahatisha. Anga nyekundu, jua dogo kama kitufe, hewa hakuna. Watu wanaishi ndani ya nyumba za vioo, wanavuta hewa ya mtambo, na mtambo una mtunzaji wake. Nikawaambia wenzangu hapo ndipo kwangu, wangenipeleka mimi sayari hiyo ingekuwa na watu hadi leo. Fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo kama sindano zake, akasema nikipelekwa mimi, hao watu watakufa kwa majigambo kabla hewa haijaisha.

Tukacheka. Kicheko kikakatika Alhamisi iliyofuata, zamu yangu ya kusoma kwa sauti. Mtunza hewa analetewa karatasi kwamba bomba la mtaa wa tatu lisifunguliwe. Anatia sahihi bila kuisoma, anaitumbukiza mfukoni. Mwenzake anaingia zamu, anauliza kama kuna jambo, anajibiwa hakuna. Mdogo wangu, kidole kiligota kwenye mstari ule, kikakataa kusogea. Mwalimu akaniambia niendelee. Nikasema miwani ina ukungu. Basi akamalizia yeye: bomba likafunguliwa, mtaa mzima ukalala usiamke, na mtunza hewa akawaambia wakubwa kwamba karatasi alimpa mwenzake.

Yakazuka mabishano. Nikamtetea yule mtu kama ndugu wa damu. Nikasema kosa ni la aliyefungua bomba, nikapiga na meza. Fundi cherehani akaniuliza, safari hii bila utani, huyu anayemwacha mwenzake abebe, babu, tumwiteje? Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Wiki mbili sikurudi.

Sasa nisikilize, na ukitaka kuichana barua hii, ichane ukishafika mwisho. Asubuhi ile ya ajali yetu kiwandani, msimamizi aliponipa karatasi, nilidhani ni ratiba ya likizo. Nikatia sahihi kwenye daftari lake kwamba nimesoma na nimeelewa, kama nilivyotia sahihi kila kitu miaka yote. Sahihi ndiyo kitu pekee nilichojua kuandika. Sikujua kusoma. Mke wangu alikufa halijui hilo. Ulipoingia zamu ukaniuliza kama kuna habari, nikasema hakuna, na hapo sikukudanganya. Ukawasha boila, ukaungua mkono huo. Uongo niliusema mbele ya kamati ya uchunguzi, kwamba karatasi nilikupa mkononi. Ulinitazama mara moja tu, ukainamisha kichwa, kwa kuwa mimi ni mkubwa wako. Wakakunyang'anya leseni ya boila, ukaenda kulinda mageti ya watu. Najua miaka kumi na minne umeamini nilitaka uondoke. Hapana. Niliona aibu kusema sijui kusoma. Kama hiyo ni afadhali, utaamua wewe.

Karatasi ile ninayo. Ilikuwa chini ya sanduku langu la spana. Jumatatu niliitoa, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Boila namba mbili isiwashwe. Vali ya usalama imetolewa. Maneno manane, nimeyahesabu kwa kidole.

Juzi nimeipeleka kwa meneja wa kiwanda. Karani akachapa maelezo yangu, akaniwekea kalamu, akanionyesha pa kutia sahihi. Nikamwambia asubiri. Nikasoma mstari kwa mstari, yeye akiguna na kutazama saa. Mstari wa nne alikuwa ameandika kwamba karatasi ilipotea. Nikakataa. Nikamwambia achape upya, haikupotea, niliificha. Ndipo nikatia sahihi. Meneja anasema kamati itakaa tena na utaitwa. Kuhusu leseni hakuahidi kitu. Picha yangu niliiteremsha mwenyewe wakati natoka. Langoni pamebaki mraba mweupe, na mlinzi akaniuliza kama naipeleka kutiwa fremu mpya.

Sidai jibu. Ukija, nitakusomea ule ukurasa mpaka mwisho, wala sitasingizia miwani. Mpe shemeji salamu zangu, na watoto waambie baba yao mkubwa hajambo.

Barua hii nimeisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Ni mimi,
Kaka yako