Mfuko Ndani ya Shanta

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa na shangazi ameacha kugombana na redio yake. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni.

Kazi hapa makumbusho ya vita inakwenda. Tumeletewa lori la adui lililotekwa, na vyote vilivyokuwamo: bunduki, kofia za chuma, simu za upepo. Sisi wasafishaji tunatayarisha, wakubwa wanaandika vibao. Sasa mama, usishtuke. Kuna shanta moja, kibao chake kinasema "Ya askari wa adui." Nimeifunua kifuniko, nikakuta kwa ndani kimeshonwa kwa uzi wa bluu uliokunjwa mara mbili, mshono umekwenda kombo. Kaka alipokwenda vitani, shanta yake uliishona kwa uzi gani?

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, ila leo sikuyasikia.

Uzi huo ni wangu. Nilishona bila miwani, shangazi yako akasema mshono unapepesuka kama mlevi anayetafuta kwao. Basi adui walimnyang'anya mwanangu, na leo kibao kinasema ni yao! Miaka tisa naambiwa "hajulikani alipo," maneno ambayo huwezi kuyazika wala kuyafungulia mlango.

Sikiliza. Chini ya mshono huo kuna mfuko wa siri. Nilimwambia, posta ikishindikana niandikie, tia humo, shona tena. Nikamwachia uzi na sindano. Aliahidi. Fumua, unisomee. Kama ameandika nisimsubiri, nisomee hivyo hivyo.

Mama yako

28 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Wiki sita kimya. Kama habari ni mbaya, mimi ni mtu mzima. Shangazi yako anasema labda hukukuta kitu. Nimemwambia kaka yako hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Niambie alichoandika, hata mstari mmoja.

Mama yako

6 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Ahadi aliitimiza. Nimefumua, karatasi ilikuwamo, imekunjwa mara nne. Lakini hapa kila kitu cha nguo kikiletwa lazima kilowekwe kwenye sabuni siku mbili, ndiyo kanuni. Nililoweka kabla sijauona mshono. Maji yaligeuka bluu, nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Nikazidi kusugua, kumbe ni wino wake.

Karatasi imebaki tupu. Nimeiinua juani, nimempelekea fundi wa picha, hakuna herufi hata moja. Mimi ndiye niliyemfuta kaka. Nimeandika barua hii mara tano nikachana. Maji yakimwagika hayazoleki, mama. Nisamehe ukiweza.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa, ingawa mwisho wenyewe niliusoma nimekaa chini. Hukujua. Ulikuwa unafanya kazi yako, na kazi nilikufundisha mimi kuifanya vizuri.

Karatasi hiyo usiwaachie. Nimesubiri barua miaka tisa, na hiyo ni barua. Aliikunja yeye, mara nne, kama alivyokuwa akikunja mashati yake. Na kile kibao waambie wakiondoe, mwenye shanta ana mama.

Umesema hayazoleki. Najua. Lakini niambie, hayo maji ya bluu uliyamwaga wapi? Jumamosi napanda basi. Nataka kwenda kusimama hapo.

Mama yako