Saa Aliyoiuza Mzee Kalenga

Mjukuu wangu Béatrice,

Mimi ni mzima, ila nyumba imenyamaza tangu shangazi yako ahamie Kolwezi. Umeniuliza kwa nini nawatafuta wenye saa kuukuu zilizochongwa majina.

Nilipokuwa mwandishi wa habari kijana, nilinunua sokoni saa ya mkono. Nyuma yake lilichongwa jina, Kalenga Ilunga Mathieu, na shukrani kwa miaka yake kiwandani. Nilidhani imeibiwa. Niliuliza nyumba kwa nyumba huko Shituru, penye kiwanda hicho, hadi nikampata, mzee aliyefiwa na mkewe, akiishi peke yake.

“Haikuibiwa, mutoto,” alisema. “Minye mwenyewe niliuzisha. Ya nini kujua saa? Hakuna mwenye kuningoja.”

Nikageuka niondoke.

“Unakimbilia wapi? Tangu bibi yangu alikufa, weye njo wa kwanza kuita jina yangu yote. Ikala kwanza.”

Nikakaa hadi chai aliyonimiminia ikapoa. Nilipomrudishia saa aliikataa; ninayo bado, pamoja na nyingine kumi na mbili zenye majina, nilizonunua baadaye.

Dereva aliyeleta barua yako jana aliita jina langu lote langoni. Alikuwa na haraka. Nilimtolea kiti.

Babu yako