Usimpe Shemeji Upanga Ule

Nairobi,
Jumatatu.

Kwa Kaka yangu mheshimiwa, Yeremia,

Salamu zangu zikufikie hapo Keumbu, wewe pamoja na mama yetu mzazi na watoto wote. Ni tumaini langu kwamba kifua cha mama kimetulia na kwamba mvua haikuuharibu wimbi shambani. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo wangu haujatulia tangu barua yako iliponifikia juzi.

Umeniarifu ya kuwa shemeji yetu Ombati, mume wa dada Kemunto, ameibiwa ng'ombe wanne huko ng'ambo ya Ogembo, na kwamba Alhamisi atakuja kuununua upanga wangu uliotundikwa ukutani kwako, kwa bei ya mtamba mmoja. Umeyanukuu na maneno yake: "Panga la kufyekea ninalo. Nataka kile chuma cha Zakaria kilichozoea kukata watu. Wezi wakirudi, nitawangoja zizini peke yangu." Nawe ukanipongeza kwa biashara njema.

Kaka, nakusihi kwa unyenyekevu, biashara hiyo isifanyike. Upanga ule ni wa bandia.

Ukweli wenyewe ni huu. Katika ukumbi ninamofagia, Wazungu walikuwa wakicheza michezo ya kuigiza. Baada ya Uhuru wengi walifungasha kurudi kwao, na vifaa vyao vikauzwa kama takataka. Nilijipatia panga tatu, ngao moja na kofia ya bati, nikavitundika chumbani. Nilipenda jinsi vilivyong'aa, na wageni waliokaa chini yake walinisemesha kwa adabu zaidi. Upanga mmojawapo niliujaribu kwa mgomba nyuma ya ukumbi. Mgomba, Kaka, ambao mtoto huuangusha kwa kisu cha jikoni. Upanga ulipinda kama kijiko, nikaunyoosha kwa goti. Ndio huo niliokuletea Desemba.

Unaikumbuka siku ile. Baba mdogo Nyakundi aliuzuia mlangoni kwa fimbo yake, akaniuliza, "Mwanangu, kitu hiki kimeonja damu?" Ilinipasa kujibu hapana. Nilinyamaza, nikatazama mbali kama mtu aliyeona mengi. Akasema, "Basi hakiingii nyumbani hivi hivi," akamtoa mbuzi wake mwenyewe achinjwe, upanga ukatakaswa. Mama, kwa kuwa ni Msabato, alikataa hata kuionja nyama ile ya tambiko. Mimi niliila mpaka nikalamba vidole. Tangu hapo watu wakaniita Askari, nami nikaitika.

Sasa naogopa dada yetu asije akawa mjane kwa sababu ya kunyamaza kwangu. Mwenye panga la kufyekea hupiga mayowe, majirani wakaja. Mwenye upanga uliochinjiwa mbuzi hutoka peke yake.

Kwa hiyo naomba hivi. Ombati akibisha, mpeleke migombani mbele ya baba mdogo, apige pigo moja tu. Mtamba wake usimpokee, na kama umekwisha kumpokea, arudi naye. Upanga mwuzie mwalimu wa watoto, yule aliyekuwa akitafuta wa kumvika Goliathi katika mchezo wao, ila umweleze wazi kuwa ni wa bandia. Mbuzi wa baba mdogo nitamlipa mimi. Najua shemeji atasema, "Kumbe huyu ni askari wa ufagio." Aseme, acheke mpaka achoke. Nakitaka kicheko chake, maana ni cha mtu aliye hai.

Nisalimie mama, na umwambie alifanya vema kuikataa ile nyama. Nisalimie mkeo, aliyeupangusa upanga huo vumbi kila wiki kwa heshima ambayo chuma hicho hakikuistahili. Nisalimie baba mdogo Nyakundi, ambaye sina uso wa kumtazama.

Barua hii sikuitia posta, isije ikachelewa. Naikabidhi kwa kondakta wa basi la kesho linalopita Keumbu, aiache dukani hapo sokoni. Na kwa kuwa huenda shemeji akafika kabla hujaifungua, nje ya bahasha, chini ya jina lako, nimeandika kwa herufi kubwa: UPANGA WA ZAKARIA NI WA BANDIA. USIMPE OMBATI. Kondakta atasoma, mwenye duka atasoma, na soko zima litajua kabla yako. Nimeridhia.

Mimi mdogo wako mtiifu,
Zakaria, mfagiaji.