Nilipompa Heshmat Mgongo

Tehran, mwezi wa Esfand

Kwa mama yangu mpendwa,

Nakubusu mikono yote miwili, mama, na macho yako pia. Natumaini goti limepungua kuuma kwa vile baridi imeanza kulegea, na kwamba dada Tuba hakuachi ukung'ute mazulia ya sikukuu peke yako, maana nakujua. Mimi ni mzima. Mke wangu Akhtar ni mzima, na watoto wanakula kama nzige. Peremende za gaz ulizotuma zimefika zote. Boksi kubwa nimeona limeandikwa jina la Heshmat na dogo jina langu, nami nimempelekea lake bila kulifungua, ingawa Akhtar alisema ni zito mno kwa mtu asiye na watoto.

Nimeona pia kwamba umeuliza kifua cha Heshmat kinaendeleaje, na koo la Heshmat, na kama Heshmat anavaa skafu asubuhi, ndipo mwisho kabisa ukauliza kama mimi nimepata soksi. Nimezipata. Ahsante.

Najua utasema, "Nosrat, una mvi kichwani na bado unagombea titi." Ndiyo, nagombea. Mama yake Heshmat alipofariki siku ya kumzaa, wewe ulimchukua ukampa upande wa kushoto, mimi nikabaki na wa kulia, akawa ndugu yangu wa kunyonya. Hujawahi kutuambia upande upi ulikuwa na maziwa mengi. Mimi nina mawazo yangu.

Unakumbuka ulivyotupeleka sote wawili kwa Mirza Jalil tukajifunze kuimba. Mzee yule hakuwa na kitabu wala karatasi. Aliimba, nasi tukaimba nyuma yake mpaka kitu kituingie kifuani kikae humo. Kisha siku moja akamwambia Heshmat aendelee, na mimi akanishika vidole, akavigeuzageuza kama mtu anayechagua matango, akasema vidole hivi ni vya kupiga tar. Nilikwenda pale kutafuta sifa ya sauti, nikasifiwa vidole. Nilirudi nyumbani na lile gambusi la shingo ndefu kwapani, nawe ukafurahi ukapika wali wa zafarani, ukidhani nimepandishwa cheo.

Tangu hapo hiyo ndiyo kazi yangu. Heshmat anaimba mstari, nyuzi zangu zinaurudia. Anaimba mwingine, narudia tena. Akitoka kwenye mahadhi ya maqamu moja akaenda kuzurura kwenye nyingine, namfuata nyuma kama mpagazi, mpaka ashuke kwenye sauti ile aliyoanzia, ndipo watu washushe pumzi na kusema bah-bah. Bah-bah ni yake. Alianzia chini ya matao ya daraja la Khaju huko kwetu, wanaume wakisahau chai zao mkononi. Redio ikamwita Tehran, nami nikaja naye. Zikafuata santuri, zikafuata picha magazetini. Leo muuza tikiti maji wa mtaani kwetu hataki kabisa kupokea hela ya Heshmat. Yangu anaipokea, na chenji ananirudishia pungufu.

Sasa nikueleze la Ijumaa, maana Tuba ameniandikia kwamba shemeji zake wameshaanza kunong'ona huko Isfahan kuwa Heshmat amechuja.

Unajua alivyokuwa akiimba siku zote: macho ameyafumba, kiganja kando ya sikio. Basi miaka hii miwili alianza kuimba macho wazi, shingo ameigeuzia kwangu, ananitazama mstari hadi mstari. Magazeti yakaandika jinsi mwimbaji mkubwa anavyomheshimu mpigaji wake. Kina mama wa safu ya mbele wakafuta machozi. Mimi iliniunguza, mama. Niliona ananikagua kama mwalimu mkuu anavyokagua kucha za wanafunzi. Na hata nilipopiga vizuri kuliko siku zote, watu walitoka wakisema, tazama Heshmat alivyo na moyo mwema.

Ijumaa tulialikwa nyumbani kwa Bwana Sarrami, mfanyabiashara wa mazulia, tuwaimbie wageni wake baada ya chakula cha mchana. Alikuwepo mpiga picha wa gazeti. Akaniambia kwa upole kwamba katika picha zote alizonipiga ninaonekana sikio tu, kwa sababu nakaa nimemwelekea Heshmat. Nikigeuza kiti nielekee wageni, mikono yangu itaingia kwenye mwanga. Sikungoja aseme mara ya pili. Nilikigeuza kiti chote, nikamwomba Heshmat radhi kwa kumpa mgongo, kama adabu inavyotaka. Naye akanijibu kama tunavyojibu sote, kwamba ua la waridi halina mbele wala nyuma. Kisha akalirudia neno hilohilo. Angeweza kusema, "Geuka, ndugu yangu." Lakini wewe ndiye uliyetulea, unajua kwamba mtu wa nyumba yetu yuko radhi azame kuliko kumsumbua mwenzake aliyekwisha kukaa.

Alianza vizuri. Mstari wa pili akaingia kabla sijamaliza kuujibu wa kwanza. Wa tatu akachelewa. Alipopanda juu, pale anapoitetemesha sauti kooni mpaka watu wanashika vifua, alikuwa ameachana na nyuzi zangu kabisa, na aliposhuka akatua pembeni ya sauti aliyoanzia, kama mtu anayetafuta ngazi kwa mguu asiipate. Wageni wakasema bah-bah kwa heshima. Bibi mmoja wa mbele akaweka chini kikombe chake, akaanza kuangalia zulia. Kwa mara ya kwanza walioketi mle ndani walinipongeza mimi kabla yake, na Bwana Sarrami akanishika bega akasema leo tar ndiyo iliyoimba.

Nilimkuta Heshmat uani kando ya hodhi la maji, ananawa uso. Akaniomba msamaha kwa kuniharibia upigaji wangu. Nikasema si kitu. Ndipo akaniambia, huku maji yanamchuruzika kidevuni, kwamba hanisikii. Miaka miwili sasa. Sauti yake mwenyewe anaisikia ndani ya mifupa ya kichwa, maneno ya watu anayasoma midomoni, lakini nyuzi zangu hazimfikii hata kidogo, na daktari amemwambia neva za masikio zinakufa na hazina dawa. Akasema kila siku amekuwa akivitazama vidole vyangu vya kushoto ili ajue aende wapi na arudi wapi.

Kwa hiyo miaka miwili yule mpagazi alikuwa yeye, mama. Mimi ndiye niliyekuwa natangulia, na sikuambiwa.

Na sasa nikuambie ambalo yeye halijui, wala usimwambie. Tangu ule mstari wa pili nilimsikia anapotea. Sikujua sababu, lakini nilijua amepotea, na nilijua anatafuta mkono wangu. Ilikuwa kazi ya kugeuza kiuno tu. Sikugeuka. Nilizidisha madoido, nikapiga kama sijawahi kupiga, na nikafurahi. Najaribu kujuta na majuto yanakuja nusu nusu, kwa sababu furaha ile bado sijaimaliza.

Ameniomba nisimwache, angalau mpaka aimbe Isfahan wakati wa sikukuu ya Nowruz, kisha apumzike. Nimekubali, na nitakaa nimemwelekea, picha zitoke zinavyotoka. Kuna kijana wa redio anayekipigia hesabu kiti changu. Nimemwambia aendelee kuhesabu. Sasa Heshmat hawezi kuimba na mtu mwingine yeyote duniani, na sitaki mtu ajue, kwa maana wakijua watampenda maradufu.

Heshmat alitaka wewe peke yako ujue. Anakuja huko Alhamisi, wiki moja kabla yangu, akuambie kwa mdomo wake mwenyewe. Alinisihi nisikuandikie, niseme nimekubali, nami nikasema nimekubali. Kisha nikaja moja kwa moja stendi, na barua hii naimalizia nimesimama nje ya basi la Isfahan, nimeegemea dirisha lake. Dereva ameniahidi ataileta mpaka mlangoni. Itakufikia kesho, yeye atafika keshokutwa.

Akija atakilaza kichwa mapajani mwako, nawe utalia, nakujua. Nakuomba, mama, ulie sasa, barua yangu ikiwa mkononi.

Msalimie dada Tuba na mumewe, na jirani Bi Golandam na kuku wake. Akhtar na watoto wanakubusu mikono. Niombee dua, na ukimwombea Heshmat, anza na mimi.

Mwanao, wa upande wa kulia,

Nosrat