Kumbukumbu ya Kivuli, Mjukuu Aliyenirudishia Uso Wake

Mwaka umezunguka, mume wangu, tangu uliponiachia kiti hiki ulichonishonea, na nyumba ambayo watu wake bado wanaongea kwa sauti ya chini. Wanaosoma wasishangae nikikuita mume wangu. Wewe ni mjukuu wangu. Nilikulea tangu binti yangu, mama yako, alipofariki hata hujaota meno, na bibi gani asiyemtania mjukuu wake wa kiume hivyo? Mkeo nilimwita mke mwenzangu, na mpaka leo anaitika.

Mchana ulikuwa fundi wa makochi. Bado nakuona umeinama, umebana misumari midogo midomoni, mtu akikusalimu unaitikia kwa nyusi. Vipande vya sponji vilivyobaki hukuvitupa. Ulivishonea mito, ukampelekea mzee jirani aliyekuwa akiumizwa na kiti chake, na mama muuza mboga anayekaa kwenye saruji kutwa nzima. Hukusema ni zawadi. Ulisema, "Naomba mnipunguzie takataka."

Jioni ulikuwa bondia, na hapo ndipo tulipogombana. Ulipokuja kuniambia, ndevu zako hazijatoka sawasawa, nilikushika kidevu. "Mimi siishi na mume mwenye pua iliyopinda. Uso huu ulikuja nao kwangu mzima. Ukitaka ngumi nenda, lakini urudi nao."

"Bibi, masharti gani hayo?"

"Basi katafute bibi mwingine."

Ukacheka, ukaahidi. Kila baada ya pambano, asubuhi ulikuja jikoni ukakaa kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga. Nikapitisha kidole: nyusi, pua, masikio, midomo.

"Mzima?" uliniuliza.

"Mzima. Ndoa inaendelea."

Wengi wameniuliza kwa nini mtu aliyeijua ngumi namna ile alipata umaarufu mvi zimeshaanza kumwingia. Mimi si mtaalamu, ila nilikaa karibu nikaona. Kocha wako, yule wa kikohozi, alikuja siku moja hapa nyumbani akaweka kofia yake magotini. "Bibi," akasema, "kijana wako anajua mno, na hilo ndilo tatizo. Wenye majina makubwa wanamkwepa, wanajua atawaaibisha. Na watazamaji hawampendi. Anashinda kwa pointi, hapigiki, haumii. Mtu asiyeumia watamwonea uchungu gani? Mwambie akubali ngumi mbili tatu, watu wamzoee."

Nikamuuliza, "Mwalimu, hiyo pua yako ulizaliwa nayo hivyo?"

Akajishika pua, akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Chai aliimaliza, lakini ombi lile hakulirudia.

Miaka ikapita hivyo. Ukumbini walikupigia miluzi. "Wewe Kivuli, tumekuja kuona ngumi, si dansi!" "Mwacheni, anaogopa kuchafua bukta!" Jina hilo walikupa kwa kejeli, ukalivaa kama nguo ya sikukuu. Kwenye mabango picha yako ilikuwa ndogo, chini kabisa pembeni. Wengine walidhani hujali. Mimi nilikuona ukilitazama bango lililobandikwa ng'ambo ya karakana, kisha ukarudi kugonga misumari kwa nguvu kuliko kochi lilivyohitaji.

Halafu miguu ikachoka. Hilo halina wa kulaumiwa. Ulipigana na kijana mmoja mwenye nguvu, pambano likaonyeshwa kwenye televisheni, nasi tukalitazama hapa sebuleni, mimi, mke mwenzangu na wanao wawili. Ngumi ambayo zamani ingepita hewani ilikupata juu ya jicho. Ukaanguka. Ukapiga goti, ukainuka, ukamtabasamia yule kijana kama mtu aliyekumbushwa jambo, ukaendelea mpaka ukashinda. Ukumbi mzima ulisimama. Watu waliokuzomea miaka yote wakafuta machozi. Haukupita muda, uso wako ukawa kwenye mabango makubwa ukitangaza sabuni, na watoto wa mtaani wakawa wanabandika plasta juu ya jicho wapate kufanana nawe.

Mimi nilichokiona kwanza, asubuhi baada ya pambano lile, ni kofia. Uliingia jikoni umeivuta mpaka kwenye nyusi.

"Vua."

"Bibi, kuna baridi."

"Mume wangu, vua."

Ukavua. Nikapitisha kidole kando ya nyuzi za daktari, nawe ukatazama sakafu. "Si mimi, bibi. Ni miguu." Kisha ukasema, "Lakini sasa wananipenda. Nimewangoja muda mrefu sana."

"Najua, baba. Ila wamekupenda ulipoanguka. Watataka uanguke tena."

Uliosha kikombe chako, ukaosha na changu.

Pambano la ubingwa likatangazwa. Mwandaaji alisema redioni bila aibu kwamba Kivuli sasa amejifunza kupigana kiume, watu waje waone damu. Wote tulijua: ukisimama ukabadilishana ngumi na bingwa yule, watakubeba mabegani, nasi tutaletewa nusu yako. Sikukukataza. Ulikuwa mtu mzima, na sikutaka uingie ulingoni na ugomvi wangu kichwani.

Ndipo ulipokichukua kile kigoda cha jikoni ukakipeleka karakana. Ukakaa juu yake, ukawaambia wanao wakurushie vipande vya sponji usoni, nawe ukawa unavikwepa bila kuinua hata kisigino, kwa shingo na mabega tu. "Miguu imestaafu, bibi, lakini shingo bado ina kazi." Nami nikarusha kimoja. Kikakupata puani. "Haya," ukasema, "bingwa ni huyu hapa, nyie mnahangaika na nani?"

Siku ya pambano ulifanya vilevile. Ulisimama karibu sana na yule bingwa, hukukimbia, na ngumi zake zikapita sikioni kwako, juu ya kichwa chako, kando ya kidevu. Mbele ya televisheni nilingoja miluzi. Sikuisikia. Kila ngumi ilipokosa, ukumbi uliitikia kwa furaha, "Hewa!" Ikikosa nyingine, "Hewa!" Hayo ndiyo uliyoyafanya tangu ujana wako, mume wangu, hukuongeza kitu. Ila mara hii walikuwa wameshakuona ukianguka, wakakuogopea, na mtu akikuogopea ndipo anapoona unavyokwepa. Mimi nilikuona hivyo tangu mwanzo kwa sababu nilikuogopea tangu mwanzo.

Asubuhi uliingia bila kofia, bingwa mpya, ukakaa. Nyusi, pua, masikio, midomo. Kovu lilikuwa lile moja la zamani.

"Mzima?"

"Mzima. Ndoa inaendelea."

"Basi nimemaliza, bibi." Ukazitundika glovu karakana, juu ya mashine ya kushonea, na watu wakaja kutoka mbali wakalie kochi lililotengenezwa na bingwa. Uliwashonea mito ileile.

Homa ya mapafu ilikuchukua ghafla. Wapo wanaosema ni ngumi. Si kweli, na nimeliandika hapa walisome. Kabla hawajakubeba niliomba nikuone. Nikapitisha kidole kama siku zote, nyusi, pua, masikio, midomo. Wewe hukuweza kuuliza, basi mke mwenzangu akauliza kwa niaba yako, "Mzima?" Nikamjibu, "Mzima." Yale mengine hayakutoka.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anapanga viatu vyako mlangoni. Na wanao wawili, mkubwa sasa anajua kubana misumari midomoni. Na mjomba wako. Na shangazi zako. Na mafundi wenzako wa karakana. Na kocha wako, anayekuja kunywa chai na kukohoa nasi. Na mzee jirani, aliyekalia mto wako anaposoma haya. Hatutakusahau, leo wala kesho, wala siku tutakazokuwa hatuna nguvu ya kulitaja jina lako.

Nami bibi yako, niliyeshindwa kumalizia siku ile, namalizia leo mbele ya watu wote. Ndoa inaendelea.